Askari, Shaushi na Afande: Tabaka za Historia ya Vita katika Msamiati wa Kijeshi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ukanda wa pwani ulio kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, kuanzia Lugalo hadi Kunduchi, umebeba historia ndefu katika eneo dogo. Kunduchi kuna magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ambayo baadhi yake yalipambwa kwa vyombo vya kaure vilivyotoka China. Katika Kunduchi hiyohiyo kuna Chuo cha Taifa cha Ulinzi, kilichofunguliwa mwaka 2012, ambako maofisa wa ngazi za juu na watumishi waandamizi wa serikali husomea masuala ya ulinzi na mikakati. Kusini yake, kando ya barabara ya Bagamoyo, ipo kambi ya Lugalo, ambayo wakati wa ukoloni wa Waingereza iliitwa Colito.

Katika chuo hicho na katika kambi hiyo, neno moja husikika kila siku: afande. Mdogo humwita hivyo mkubwa wake, na raia humwita hivyo polisi aliyemsimamisha barabarani. Ni neno la Kiswahili sanifu lisilohitaji ufafanuzi kwa msemaji yeyote. Hata hivyo, neno hilo lilianza safari yake katika Kigiriki, likapita katika Kituruki na Kiarabu cha Misri, likaletwa Afrika ya Mashariki na watu ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa popote.

Makala haya yanakusudia kuchunguza msamiati wa kijeshi wa Kiswahili kama hifadhi ya historia ya vita. Kwa kawaida kamusi zetu huweka alama ya asili mbele ya neno: Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno au Kiingereza. Alama hiyo ina manufaa, lakini huonyesha mahali neno lilipozaliwa tu. Haionyeshi njia lililopitia, wala haimtaji aliyelibeba. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba, kwa maneno ya kijeshi, njia ndiyo historia yenyewe. Na kwamba sehemu kubwa ya njia hiyo ilipita katika vinywa vya askari wa kawaida na viongozi wao wadogo, si katika maandishi ya makamanda waliowaongoza.

2.0 Silaha na viongozi kabla ya utawala wa Wazungu

Tabaka la chini kabisa ni la maneno ya Kibantu: vita, mkuki, ngao, upinde, mshale. Haya hayana haja ya maelezo marefu. Linalostahili kuangaliwa ni namna Kiswahili kilivyozipokea silaha za moto zilipofika. Kilitumia njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa kupanua maana ya neno lililokuwapo. Mfano bora ni mzinga. Kwa asili mzinga ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani ili nyuki watengeneze asali. Bomba la chuma litoalo moto na kishindo lilipoonekana pwani, msemaji wa Kiswahili hakuazima jina. Aliona umbo la gogo lenye uwazi ndani na akaliita mzinga. Maana hizo mbili zinaishi pamoja hadi leo. Katika mapigano ya Tanga ya Novemba 1914 zilikutana kwa namna isiyotarajiwa, kwani nyuki waliochokozwa na risasi waliwavamia wapiganaji msituni na kuwavuruga. Njia hiyohiyo ya kupanua maana ndiyo iliyotupatia baadaye kifaru, kwa gari la kivita lenye ngozi ya chuma, na nyambizi, kwa chombo kinachopiga mbizi.

Njia ya pili ilikuwa kukopa. Baadhi ya maneno yaliyoingia kwa njia hii ni haya:

(a) bunduki, risasi, askari na jeshi, kutoka Kiarabu; risasi kwa asili ni madini ya risasi yenyewe;
(b) baruti, neno lililoenea katika Kituruki na Kiarabu;
(c) handaki, kutoka Kiarabu, ambacho nacho kililipata katika Kiajemi;
(d) singe, yaani kisu kinachochomekwa mdomoni mwa bunduki, kutoka Kihindi na Kiajemi;
(e) gereza, kutoka neno la Kireno lenye maana ya kanisa.

Kila neno katika orodha hii ni alama ya jeshi fulani. Gereza linakumbusha ngome za Wareno, ambao waliishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Kwanza neno hilo lilitaja ngome, kama jengo maarufu la Kilwa Kisiwani linavyoitwa, kisha likahamia kwenye mahali pa kufungia watu. Singe linaelekeza upande mwingine wa bahari, kwa Wabulushi na askari wengine wa kukodiwa waliowatumikia masultani wa Oman na Zanzibar.

Kutoka kwa askari hao lilitoka pia neno lenye historia ya kuvutia kimaana: jemadari. Katika jeshi la Waingereza huko India, aliyeitwa hivyo alikuwa ofisa wa Kihindi wa daraja la chini kabisa. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki, jemadari alikuwa kiongozi wa kikosi cha Wabulushi katika ngome au mji wa sultani; hapakuwa na mwanajeshi mkubwa kuliko yeye mbele ya macho ya wenyeji. Neno likapanda cheo kwa kuvuka bahari. Leo jemadari ni kamanda mkuu, shujaa anayeongoza majeshi. Alama ya asili katika kamusi haiwezi kueleza kupanda huku. Historia ya nani alikaa katika ngome gani ndiyo inayoeleza.

Barani nako vita vya karne ya 19 vilizalisha maneno yake. Rugaruga, vijana wapiganaji waliohusishwa hasa na Mirambo wa Unyamwezi, aliyefariki mwaka 1884, walibeba magobori yaliyoshindiliwa baruti kwa mdomoni. Neno hilo lilienea hata nje ya Unyamwezi, na Wajerumani wenyewe walilitumia kwa wapiganaji wasaidizi waliopigana upande wao.

3.0 Shaushi na ombasha: ushahidi wa sauti

Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alitumwa kuzima upinzani wa watu wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Hakuja na jeshi la Wajerumani. Aliandikisha Misri Wasudani wapatao 600, wengi wao wakiwa wamelitumikia jeshi la nchi hiyo, na akaongeza watu kutoka kusini mwa Afrika ya Mashariki ya Wareno pamoja na Wasomali wachache. Mwaka 1891 jeshi hilo likawa rasmi jeshi la kikoloni, Schutztruppe.

Wasudani hao walikuja na vyeo vyao. Ombasha alikuwa koplo. Shaushi alikuwa sajini. Juu yao walikuwapo betshaushi na soli. Na aliyefikia daraja la ofisa aliitwa efendi. Vyeo hivi ni vya jeshi la dola ya Waturuki, ambayo Misri ilikuwa sehemu yake. Ombasha maana yake ni mkuu wa watu kumi.

Je, maneno haya yalitoka moja kwa moja katika Kituruki? Fonolojia inajibu kwamba hapana. Kwa Kituruki shaushi huanza na sauti /ch/. Kiswahili kina sauti hiyo, tena kinaitumia sana, kwa hiyo kama neno lingekopwa moja kwa moja tungetarajia *chaushi. Kiarabu sanifu na cha Misri hakina /ch/ katika mfumo wake wa kawaida, na huibadilisha kuwa /sh/. Kuwapo kwa /sh/ katika umbo lililotumika Afrika ya Mashariki ni alama kwamba neno lilipita kwanza katika kinywa cha msemaji wa Kiarabu. Hali kadhalika irabu ya kwanza ya afande inaelekea zaidi kwenye matamshi ya Misri, yenye /a/, kuliko kwenye tahajia ya efendi iliyoandikwa na maofisa wa Kizungu. Kama Waswahili wangelipokea neno hili kutoka katika vitabu vya Wajerumani au Waingereza, leo tungekuwa tunasema *efendi. Tunasema afande kwa sababu tulilisikia kutoka kwa Wasudani.

Njia ya pili ya neno hilo inathibitisha jambo hilohilo. Mwaka 1891 Frederick Lugard aliwachukua Wasudani waliobaki kutoka jeshi la Emin Pasha na kuwapeleka Uganda. Wazao wao ndio Wanubi wa Uganda na Kenya, ambao wamehifadhi Kinubi, lugha iliyotokana na Kiarabu cha kambini. Hivyo basi neno afande liliingia Afrika ya Mashariki kwa milango miwili, mmoja wa Wajerumani na mwingine wa Waingereza, na katika milango yote miwili aliyelibeba alikuwa askari wa Kisudani.

Hapa pana jambo la kushangaza. Wajerumani walitawala kwa takriban miaka 30 na waliendesha vita vikubwa, vikiwamo vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Katika maisha ya kiraia waliacha maneno kama shule na hela. Katika msamiati wa jeshi, uwanja ambao nguvu yao ilionekana zaidi, hawakuacha karibu chochote. Sababu ni kwamba maneno hayafuati mamlaka pekee, hufuata mazungumzo. Ofisa wa Kijerumani alitoa amri kwa shaushi, na shaushi ndiye aliyezungumza na askari.

4.0 Lugalo, 1891: neno askari upande wa adui

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi lililoongozwa na Emil von Zelewski, aliyejulikana kwa wenyeji kwa jina la Nyundo, lilikuwa likipita Lugalo katika nchi ya Wahehe. Askari walikuwa wakienda kwa msururu mrefu, na bunduki zao za rashasha zilikuwa zimefungwa kama mizigo. Wahehe wa Mkwawa waliokuwa wamejificha karibu na njia walishambulia kwa mikuki kutoka umbali mfupi. Katika umbali huo faida ya bunduki ilitoweka, kwani aliyefyatua mara moja hakupata nafasi ya kupakia tena. Katika muda mfupi Zelewski alikuwa ameuawa, pamoja na Wazungu wengine na askari zaidi ya 200. Bunduki nyingi zilitekwa. Wajerumani waliiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mkwawa alijiua mwaka 1898 badala ya kukamatwa.

Kwa mwanaisimu, tukio hili linadai swali moja: nani alikuwa askari siku hiyo? Jibu ni kwamba askari alikuwa aliyeshindwa. Alikuwa Msudani au mtu wa kusini aliyevaa sare ya mkoloni. Aliyeshinda hakuitwa askari. Hali ilikuwa hiyo pia katika vita vya Maji Maji. Katika tenzi za kipindi hicho, ule wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi na ule wa Abdul Karim bin Jamaliddini kuhusu Maji Maji, vita vinasimuliwa na Waswahili walioshuhudia ujio wa nguvu hiyo ngeni. Kwa hiyo neno tunalolitumia leo kwa mlinzi wa taifa liliwahi kuwa jina la mtu aliyekuja kuteketeza mashamba. Suala la namna neno hilo lilivyohamia upande wa pili litarejewa katika sehemu ya 6.0.

5.0 Kariakoo na Keya

Vita Kuu ya Kwanza ilipiganwa katika Afrika ya Mashariki kuanzia Agosti 1914 hadi Paul von Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, ambayo sasa ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kampania nyingi za askari wake zilianza vita zikiwa na bunduki za mwaka 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito na kumfichua mpigaji. Hata hivyo, silaha haikuwa tatizo kubwa kuliko mzigo. Mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe, na hivyo kila risasi na kila kibaba cha unga kilibebwa kichwani. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Kumbukumbu yao ya kudumu imo katika jina. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Waswahili walilisikia jina hilo, wakaondoa konsonanti za mwisho wa silabi, wakapata Kariakoo. Jina likabaki Dar es Salaam, na mwenzake likabaki Nairobi. Mamia ya watu hununua nguo na vyakula sokoni hapo bila kujua kwamba wanataja kikosi cha watu waliolazimishwa kubeba vita mabegani. Mji una Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Lakini kwa mpagazi, mnara unaotajwa na watu wengi zaidi kila siku ni lile neno.

Wakati wa vita hivyo Waingereza waliunda kikosi cha sita cha King's African Rifles, jeshi lililoanzishwa mwaka 1902 na ambalo wenyeji waliliita Keya kutokana na herufi zake. Miongoni mwa walioandikishwa walikuwamo askari waliotekwa kutoka upande wa Wajerumani. Watu walewale wakabadili sare. Vyeo navyo vikabadilika: ombasha akawa koplo, shaushi akawa sajini. Lakini afande hakubadilika.

Kwa nini? Tofauti iko katika kazi ya maneno hayo. Ombasha na shaushi ni majina ya vyeo, na jina la cheo ni mali ya taasisi. Taasisi ikifa, jina hufa nayo. Afande ni neno la kuitia. Liko katika mazungumzo ya watu wawili, na mazungumzo hayafutwi kwa waraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Waingereza walipotaka cheo maalumu kwa Waafrika waliokaribia uofisa, walikiita efendi. Idi Amin alikipata mwaka 1959. Cheo hicho nacho kilipita na ukoloni, na kwa mara nyingine neno la kuitia likabaki.

6.0 Mwaka 1964: kubadili majina

Jina Colito lilitokana na mapigano ya tarehe 19 Mei 1941 nchini Ethiopia, ambako kikosi cha Keya kutoka Tanganyika kiliwapiga Waitaliano. Lilikuwa jina la ushindi, lakini ushindi wa Waafrika waliopigana kwa niaba ya mfalme wa Uingereza. Kambi ya Colito ndiyo iliyoanzisha maasi ya tarehe 20 Januari 1964, wanajeshi wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tarehe 25 Januari maasi yalizimwa na askari wa Uingereza walioombwa na serikali, jambo lililokuwa fedheha kwa nchi iliyokuwa na miaka miwili tu ya uhuru. Jeshi lililorithiwa lilivunjwa.

Tarehe 1 Septemba 1964 liliundwa jeshi jipya, na jina lake lilichaguliwa kwa Kiswahili: Jeshi la Wananchi. Kirai hicho kina maana kubwa. Katika Schutztruppe na Keya, mwenye jeshi alikuwa mfalme. Hapa mwenye jeshi ni mwananchi. Colito nayo ikawa Lugalo. Kwa badiliko hilo, askari wa leo anaishi katika kambi yenye jina la mahali ambapo askari wa jana alishindwa. Neno askari halikutupwa. Lilihamishwa kutoka upande wa Zelewski hadi upande wa Mkwawa. Uhamisho huo haukufanywa na kamusi, bali na jina la kambi na jina la jeshi.

Msamiati uliofuata unaonyesha uchaguzi wenye mizani. Vyeo vingi vilibaki na umbo la Kiingereza lililoswahilishwa: koplo, sajini, luteni, kapteni, kanali. Lakini palipokuwa na nafasi ya kusema kwa Kiswahili, ilitumika. Mifano ni hii:

(a) Sajini taji: katika jeshi la Uingereza, sajini wa daraja hilo huvaa alama ya taji juu ya alama zake za mkononi. Jina la Kiswahili linataja kinachoonekana.
(b) Mnadhimu Mkuu: mzizi wake wa Kiarabu una maana ya kupanga kwa utaratibu, kama kutunga shanga uzini. Mzizi huo ndio uliozaa nidhamu, na ndio uliomo katika kunadhimu shairi.
(c) Mgambo: kwa asili ni tangazo la kuwakusanya watu, kama methali isemavyo kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Wito ukawa jina la walioitwa.
(d) Mguu sawa na mguu pande: amri za gwaride zinazotaja kiungo cha mwili, si hali ya akili.

7.0 Neno moja, nchi mbili

Vita vya Kagera vilivyoanza mwishoni mwa mwaka 1978, na vilivyofikisha majeshi ya Tanzania Kampala tarehe 11 Aprili 1979, vilionyesha kwamba maana ya msamiati wa kijeshi haimo katika neno peke yake. Mitambo ya Tanzania ya kurushia makombora ilijulikana na Waganda kwa jina la saba saba. Kwa Mtanzania, Saba Saba ilikuwa sikukuu ya tarehe 7 Julai. Kwa Mganda likawa jina la mngurumo.

Tofauti hiyo ni kubwa zaidi kwa lugha nzima. Tanzania Kiswahili kilikuwa lugha ya bunge, shule na soko kabla ya kuwa lugha ya kambi mpya. Uganda wengi walikisikia kwanza kwa mtu mwenye bunduki, na tangazo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukiondolea sifa hiyo. Neno afande ni lilelile Kunduchi na Kampala, lakini hofu iliyolizunguka haikuwa sawa. Mwanaisimu anayeandika kwamba neno hili ni la mkopo na kuishia hapo ameacha nje nusu ya maana yake.

Hata katika pwani moja neno linaweza kuwa na maisha mawili. Baruti, iliyokuja na magobori, ndilo neno linalotumika kwa uvuvi haramu wa milipuko ambao umeharibu matumbawe ya pwani ya Dar es Salaam, Kunduchi ikiwamo. Silaha ikishuka kutoka vitani haipotezi jina, hubadili anayelengwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha mambo matatu. Kwanza, msamiati wa kijeshi wa Kiswahili umejengwa kwa tabaka, na kila tabaka ni alama ya jeshi lililopita. Pili, unene wa tabaka hautegemei nguvu za mtawala, bali mazungumzo ya askari na askari. Ndiyo maana mkoloni wa Kijerumani aliacha machache na Msudani asiyejulikana aliacha afande. Tatu, taifa likitaka kumiliki jeshi halina budi kumiliki majina yake, kama ilivyofanyika mwaka 1964.

Yapo matokeo ya kiutendaji. Wapiganaji wa Keya waliokwenda Ethiopia, Madagaska na Burma katika Vita Kuu ya Pili karibu wote wamekwisha kufariki, na maneno yao ya kambini yamekwenda nao kaburini. Waliopigana vita vya Kagera wangali hai, lakini ni wazee. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada hawana haja ya kwenda mbali: msamiati wa mahandaki, majina ya utani ya silaha na maneno ya kuitana ya wazee hao yanapaswa kurekodiwa sasa, na kamusi zijazo zioneshe, pamoja na asili ya neno, njia yake na mbebaji wake. Vinginevyo historia ya vita vyetu itaendelea kusimuliwa kwa taarifa za maofisa, ilhali ushahidi wa askari uko midomoni mwetu.